Safari Hii Sikuzima Runinga, Susu

Mpendwa Susu, nyanya yangu,

Nimefunga duka mapema leo ili nikuandikie. Ukiona mwandiko unarukaruka usinilaumu, ni furaha. Nina habari, tena habari kubwa, lakini wacha kwanza nianzie pale tulipoachia, kwa sababu kuna jambo mimi na wewe hatukuwahi kulimaliza.

Unakumbuka siku redio iliposema kuna Mkenya anaenda kushindana kwenye theluji? Tulikuwa jikoni kwako kule Kikima, wewe unachambua mboga. Ukaweka sinia chini. "Mkenya? Kwa theluji? Mwende, hiyo tunaenda." Nilicheka nikakuuliza tunaenda wapi, na wewe hata Nairobi huipendi. Ukaniambia tunaenda kwangu Tawa, kwa runinga, mbona najifanya sielewi. Na kweli ulikuja na begi lako ukakaa wiki mbili, ukaangalia kila kitu. Wale wa kulala kifudifudi kwenye kitu kama sinia na kutupwa chini ya mlima uliwaombea kwa sauti. Wale wa kufagia mbele ya jiwe uliwakasirikia. "Wanaume wazima, wanafagia vizuri hivyo! Wake zao wanajua?" Mume wangu Musyoka, mtu wa Kanyangi ambaye baridi anaijua kwa friji tu, aliacha kuangalia michezo akawa anakuangalia wewe.

Lakini wa kushuka mlima ndio waliokuwa watu wako. Wewe uliteremka miteremko ya Mbooni tangu usichana, kuni mgongoni, kamba ya mukwa imekaza kwenye paji la uso. Hukuhitaji mtangazaji akueleze kitu. "Angalia magoti," ulisema. "Huyo amenyoosha magoti, anaanguka sasa hivi." Na aiya, anaanguka kweli! Kufikia siku ya tatu Musyoka alikuwa haamini matokeo mpaka ayasikie kutoka kwako.

Siku ya ufunguzi nchi zilipita na bendera zao, nyingine zina watu wengi kama Tawa siku ya soko. Halafu ikaja bendera yetu, na chini yake mtu mmoja. Mmoja tu, Susu. Nilidhani utasikitika, kumbe ulisimama. Ukajitemea mate kidogo kifuani, fu, kisha ukaitemea runinga, vile ulivyonitemea mimi viganjani nilipoenda kufanya mtihani wa darasa la nane. "Thi nesa," ukamwambia, nenda vizuri. Halafu ukafuta kioo kwa leso. Musyoka akauliza kama hayo mate yatafika huko ng'ambo. "Yameshafika," ukamjibu kwa ukali. "Na kwa vile nimembariki, lazima nimwone akifika chini. Ama nilikuwa nacheza?"

Sasa nafika pale panaponiuma.

Siku ya mbio zake tuliamka alfajiri, wewe umeshajifunga shuka, chai iko tayari. Wakashuka wakubwa, mmoja, mwingine, mwingine, na Mkenya wetu haonekani. Washindi watatu wakakumbatiana, wapiga picha wakawazunguka, na mimi nina wateja wanaobisha mlango wa duka. Nikakwambia, "Susu, imeisha. Labda wetu ameumwa." Nikazima. Haki ya Mungu sikujua kwamba kule wenye majina hutangulia, na wadogo hungoja mpaka mwisho, hata kama washindi wameshajulikana. Taarifa ya saa saba ndiyo iliyotuambia. Mkenya wetu alikuwa ameshuka, na alikuwa amefika.

Ulikuwa nje unapeta maharagwe. Ungo ukasimama. Hukunigombeza, afadhali ungenigombeza. Ulisema tu, "Alifika, na mimi niko hapa na maharagwe." Jioni hiyo ukafunga begi lako ukarudi Kikima. Baadaye tulicheka kwa mengi, ulinibebea mtoto wangu Mutinda, ulikula kwangu, lakini hilo hatukuligusa tena. Mwaka uliofuata ukatutoka. Siku ya mazishi watu walisema mambo makubwa juu yako, na mimi kichwani nilikuwa na hilo moja dogo. Ulikuwa na kitu kimoja ulichotaka kukiona kwa macho yako, na mkono ulioizima runinga ni huu wangu.

Basi sikia. Miaka minne imepita, na Mkenya wetu amerudi. Ndiye yule yule! Nilipoona jina lake kwenye simu nilipiga nduru dukani mpaka mteja akaangusha mkebe wa dawa ya kuku. Nikasema safari hii ataonekana akishuka, na ataonekana kutoka kwangu, nikaihamishia runinga dukani.

Shida ikawa ni nani atambariki. Mimi sijafika umri wa kubariki mtu, Susu, mate yangu bado ni mate tu. Leo mchana, mbio zikikaribia, Mzee Kyalo akaingia kununua mbegu za ndengu. Nikamshika mkono nikamwomba. "Nibariki tivi?" akauliza. Nikamweleza yote, wewe, ungo, ile asubuhi. Akavua kofia. Akajitemea kifuani, akaitemea runinga, halafu akavuta gunia la mbolea akalikalia. "Mama Mutinda," akasema, "mimi sasa siondoki hapa."

Wakubwa wakashuka. Washindi wakakumbatiana, kama mara ile. Duka lilikuwa limejaa, na vijana wawili wakaanza, "Mama, hiyo si imeisha? Weka mpira." Nikatia rimoti ndani ya aproni. "Haijaisha," nikasema. Nilikuwa mkali mpaka nikajishangaa. Wakashuka watu ambao hata mtangazaji hana la kusema juu yao. Kisha kwenye kona ya kioo, nyeusi, nyekundu, kijani. Bendera yetu!

Akajitupa. Magoti yamekunjwa vizuri, ungeyapenda. Alipita kijiti cha kwanza, cha pili, akashika mwendo, na sote tulikuwa tunapinda naye, kushoto, kulia. Halafu katikati ya mlima mguu ukateleza, akapitia nje ya kijiti. Mtangazaji akasema pole kwa Kenya. Duka zima likasema "aaai" kwa pamoja, na mimi nikafunga macho. Nilijua kwamba ukikosa kijiti kimoja huhesabiwi. Leo wengine wengi walikuwa wamekosa, wakainamisha vichwa wakajiondokea pembeni.

"Anarudi!" Mzee Kyalo akapiga kelele. "Fungua macho, anarudi juu!"

Susu, alikuwa anapanda. Amegeuka ubavu, anakanyaga hatua fupifupi kwenye theluji, mguu kwa mguu, vile sisi tunavyopanda Mbooni na mzigo njia ikiwa tope. Hakuna aliyekuwa anamngoja huko chini, washindi walishavishwa maua, na yeye anapanda. Alikifikia kile kijiti, akakizunguka, akageuka, akaanza kushuka upya. "Magoti!" tukapiga kelele. "Magoti!" Hata wale vijana wa mpira walikuwa wamechuchumaa katikati ya duka. Na akafika. Alikuwa wa mwisho kabisa, nyuma ya kila mtu, na akainua mikono miwili juu kama mwenye mlima. Mzee Kyalo alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia kumshinda. Sijawahi kuionea nchi yangu fahari hivyo, hata siku zile wakimbiaji wetu wanapofuatana watatu mbele.

Musyoka yuko kwao Kanyangi kwa mambo ya shamba. Akapiga simu hata machozi sijafuta. "Amekuwa wa ngapi?"

"Amefika," nikamwambia.

"Na wewe umemwona?"

"Nimemwona tangu juu mpaka chini."

Hakuuliza tena ya nafasi. Unamjua Musyoka, mtu wa mizaha, lakini leo sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Basi funga duka," akasema, "umwandikie Susu."

Ndiyo hii barua. Nisamehe ile asubuhi, Susu wangu. Kijana uliyembariki amefika, mzima, na amesimama kwa miguu yake.

Mjukuu wako,
Mwende