Abiria wa Kiti cha Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote, hata kama unazipokea ukiwa umenuna. Hujambo? Shemeji hajambo? Na hicho kifua chako, bado vumbi la mbao linakusumbua, au hatimaye umekubali kujifunga kitambaa puani kama tulivyokusihi? Huku kwangu watoto wanakua na mke wangu anakusalimu sana. Mimi mwenyewe nakula na kulala, lakini siwezi kusema kwamba ni mzima.

Utashangaa kuletewa barua zama hizi za simu. Simu zangu hupokei tangu siku tulipomzika mama, nami sikulaumu. Nilisimama kaburini na kofia ya chama changu kichwani, na wewe ukawanyang'anya wageni wangu viti ulivyovichonga kwa mkono wako, ukawaacha wazee wa watu wamesimama juani. Tulijiaibisha wote wawili. Kwa hiyo nimemwomba fundi wa matairi akukabidhi hii mkononi, maana yeye ndiye mtu pekee anayeingia kwangu na kwako bila kuulizwa ni wa chama gani.

Wiki iliyopita nilimwendesha bosi wangu, Mheshimiwa, kwenda mji mkuu. Barabara ile unaijua. Lile daraja halijaisha, bado tunateremka mtoni kwa njia ya vumbi, na nguzo zake zimeota majani. Kwenye zahanati iliyofungwa, picha za uchaguzi bado zimebandikwa ukutani, Mheshimiwa na mpinzani wake sako kwa bako, mvua imewafuta macho wote wawili. Nyingine nilizibandika mwenyewe kwa gundi ya unga, tena nikiimba. Miaka yote nilipokuwa nikipita pale nilijiambia kwamba tukipewa muhula mmoja zaidi mambo yatanyooka. Safari hii palikuwa na mwanamke amekaa kwenye ngazi na mtoto mgonjwa mapajani, akisubiri lori lolote la kumfikisha mbele. Nilipunguza mwendo. Mheshimiwa akaniambia nifunge kioo, vumbi linaingia, nami nikafunga.

Tulipofika kituo cha mafuta kilicho baada ya njia panda, aliniamuru niegeshe nyuma, kwenye magari mabovu, na nivue kibendera cha boneti. Nilidhani anamsubiri mwanamke, Mungu anisamehe. Likaja gari jingine, akashuka mtu aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi, akaingia kiti cha nyuma. Alipoivua nikamwona kwenye kioo. Alikuwa Mtetezi wenu, kaka. Yule yule anayelia jukwaani kwamba Mheshimiwa alimwibia kura. Yule ambaye kwa ajili yake mimi na wewe hatusemeshani.

Nilidhani watashikana mashati. Wakakumbatiana. Mtetezi alimtania mwenzake kwamba kitambi kimezidi, naye akajibiwa kwamba sauti yake imekauka kwa kutukana watu, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Bwana huyo ambaye mkutanoni hunywa maji ya bomba pamoja nanyi aliniomba niongeze kiyoyozi, kisha akanung'unika kwamba kiti kinamuumiza mgongo. Mbele yangu walizungumza kila kitu. Kwa watu wale dereva ni kifaa cha gari, hana masikio.

Sasa soma polepole. Wamekwisha kukubaliana. Mtetezi anapewa unaibu waziri, naye anaiondoa kesi ya kura mahakamani. Mheshimiwa alimuuliza kwa nini basi asiyafute maandamano ya Jumamosi. Akasema haiwezekani, akiyafuta wafuasi wake watajua kwamba amewauza. Afadhali yafanyike, yavunjwe kwa nguvu, halafu wao wawili watokee pamoja mbele ya kamera kuwasihi watu watulie. Mheshimiwa akauliza kama watu wataumia. Mtetezi akamjibu kwamba wachache lazima waumie, maana bila hivyo nani atawashukuru kwa kuleta amani? Alisema hayo huku akimenya chungwa. Yeye mwenyewe hatakuwepo. Itatangazwa kwamba amelazwa kwa shinikizo la damu.

Tulipoingia ule mteremko wenye kona kali, wote wawili walikuwa wamelala, mmoja kaegemea bega la mwenzake. Niliangalia bondeni. Sikufichi, niliangalia kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliyeshika usukani. Kisha nikakata kona taratibu, wasiamke.

Nakuandikia kwa ajili ya binti yako, huyu tunayemwita Bibi kwa kuwa amerithi jina la mama. Nasikia ndiye atakayetangulia mbele na kipaza sauti, na kwamba mabango yanatengenezwa kwenye karakana yako, kwa vijiti unavyovichana wewe. Mzuie, kaka. Mpeleke kwa wajomba zake, jisingizie ugonjwa akuuguze, tia kofuli mlangoni hata akikutukana. Hasira zake zitapoa siku moja, mradi awe hai.

Utasema nimetumwa. Mimi ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo, pengine na matusi juu. Ndiyo maana nakupa kipimo. Ijumaa jioni washa redio usikilize taarifa ya habari. Wasipotangaza kwamba Mtetezi amelazwa, mimi ni mwongo. Choma barua hii na usiniite ndugu yako tena. Nitafurahi, kaka. Sijawahi kutamani kuwa mwongo kama ninavyotamani wiki hii.

Limebaki jambo moja, nalo linanichoma. Wakati wa kurudi, tukiwa wawili tu garini, Mheshimiwa aliniuliza kwa upole kama nina ndugu upande wa pili. Nikamwambia sina. Nilikukana wewe na Bibi kwa pumzi moja, halafu nikamuuliza kama nipunguze kiyoyozi. Tangu siku hiyo sijamwambia mtu mwingine waliyoyapanga, wala sitamwambia. Leo asubuhi nimekunywa chai na dereva mwenzangu, ambaye wanawe wote wataandamana, tukazungumza habari za mpira. Alicheka sana. Nilikuwa na nafasi ya kumnong'oneza, nikaagiza chai nyingine. Watoto wa watu watakwenda, kaka, na mimi ninajua, na Jumamosi nitakuwa nimeshika usukani wa gari lile lile. Ujasiri wangu umetosha mtoto mmoja tu, nikamchagua wa damu yetu.

Wewe hukuwahi kuwa mwoga. Hao vijana wanakuja kwako kila jioni na wanakusikiliza. Ukifungua mdomo watakuita msaliti, watasema mdogo wako amekununua, na huenda karakana isipate kazi tena katika mtaa huo. Siwezi kukuamrisha, sina uso wa kufanya hivyo. Lakini jambo hili nilikuwa nikilijua peke yangu, na sasa tunalijua wawili.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Bibi mwambie baba yake mdogo anamkumbuka, wala usimwambie zaidi ya hapo. Mwenyezi Mungu awalinde mpaka Jumamosi ipite.

Ni mimi mdogo wako,
Dereva