Ukuta wa Vidole Vitatu

Soweto, Mbeya
12 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Tusajigwe,

Ndaga. Habari za Ipogolo? Magoti yako yanaendeleaje, na shemeji kifua chake? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu hata mbwa anatafuta koti. Mimi bado kijana, vizee vya mtaani vinanionea wivu. Mwandiko usiucheke. Kisomo cha watu wazima nilishika namba moja, mwenzangu alikuwa haoni vizuri.

Ile nyumba ya marehemu baba tunaitengeneza. Mwanangu Lusekelo alitaka alumini madirishani, jipsamu juu, marumaru chini. Nikamwambia ukibomoa dohani ya moshi nakuja kulala kwako, na ninakoroma. Akanywea. Basi madirisha ya mbao yanabaki, sakafu nyekundu inabaki. Mlango wa mninga ndio kabisa hauguswi. Si unajua niliubeba begani kutoka Chunya, simba ananifuata nyuma, mpaka yeye ndiye akaomba tupumzike.

Lakini situlii. Chai naiacha nusu, natoka nje, narudi, nautazama ukuta. Toka Jumatatu niko hivyo. Mke wangu Sekela anasema nimekuwa kuku anayetafuta pa kutagia.

Ni hivi. Fundi Halfani alibandua plasta ya mbele, ilikuwa imevimba. Tofali zikatoka nyekundu kama za jana. Akauliza hizi alama za nini. Nikamweleza, zamani tukifyatua tofali uwanja mmoja kila mtu anaweka alama yake zikiwa mbichi, tusije tukagombana. Mimi nilichora mstari kwa kijiti. Wewe ulibonyeza vidole vitatu.

Tusa, ukuta mzima ni vidole vitatu. Mstari wangu tumeukuta kwenye tofali nne, kule kwenye dohani, na moja imepinda.

Lusekelo akaniangalia. Miaka yote anajua nilifyatua peke yangu, wewe ulileta maji tu. Nikasema mwaka ule baridi ilinisinyaza vidole. Hakucheka. Akaniuliza, "Baba, ndiyo maana shangazi aliondoka siku ya kipaimara changu bila kula?"

Nikageuka kuutazama ukuta.

Siku ile ulikaa pale karibu na mlango, mimi najisifu kwa wageni. Nilikuona ukiinuka. Nikaendelea kusimulia.

Halfani alitaka kupiga plasta Jumamosi. Nimemkatalia. Ashindilie sementi kwenye viungo tu, baraza itaukinga ukuta na mvua. Wapita njia wanauliza, nawaambia tofali ni za mdogo wangu. Neno linatoka kwa shida, lakini linatoka.

Njoo uzione mapema, kabla sijaanza kudanganya tena. Najijua.

Nisalimie shemeji, na binti yako Veneranda na wanawe. Mungu awape afya na usingizi mzuri, wa kwangu umepotea.

Wako akupendaye, kaka yako wa tofali nne,
Aroni