Mikidadi, Fundi wa Mashine Inayonusa Gesi

Mwaka umezunguka, kaka Mikidadi, tangu homa ile ikuchukue pale hospitali ya Mpanda, na sisi bado tukisikia pikipiki inapunguza mwendo tunanyanyuka kufungua geti. Tunakuandikia hapa gazetini huku tukijua kurasa hizi ulikuwa unazipita mbio kwenda kwenye mpira. Leo vumilia kidogo.

Watu walitwambia tutalia mpaka tuchoke. Hatujalia sana, kaka. Tumekufa ganzi tu. Duka tunafungua, chai tunakunywa, wateja wanatupa pole, tunaitika.

Kazi yako tulichelewa kuielewa. Kwenye kiwanda cha soda, chumba cha mitungi, ulikuwa unatunza mashine ndogo ya ukutani inayonusa ile gesi inayotia soda mapovu. Ulitwambia gesi hiyo haina harufu, ni nzito, inajaa chumba kuanzia sakafuni, na mtu akiivuta nyingi anaanguka bila kuaga. Ndiyo maana ukaifunga usawa wa magoti. Tukakucheka kwamba umewafungia kuku. Ukasema kuku wana akili, wangetoka kabla yetu.

Siku moja ya sikukuu, kiwanda kimefungwa, uliileta nyumbani kuibadilisha sensa, kile kipande chake kinachonusa; kipya kilikuwa kimetoka Dar kwa basi. Ukaiunga kwenye betri ya pikipiki, ukamwambia mama aipulizie. Ikapiga kelele mtaa mzima.

“Kumbe pumzi yangu ni sumu?”

“Ya kila mtu, mama. Ila yako imepita kiwango.”

Mama akakutafuta na mwiko. Binti yako Raya akapuliza mpaka betri ikachoka.

Ugonjwa wa mashine ile ulikuwa sisimizi. Shira ya soda inarukia ukutani, sisimizi wanafuata utamu, wanaingia kwenye chujio, nayo inalia bure. Wenzako wakachoka, wakawa wanaivisha glovu inyamaze. Hapo ndipo ulipokuwa unakasirika, wewe mtu wa utani. Ukaweka sheria yako: anayefanya kazi chumba kile ndiye aisafishe, kwa zamu, kisha aijaribu kwa gesi ya kupimia. Masele alilalamika kwamba yeye ni wa kubeba mitungi, siyo fundi. Ukamjibu kwamba mapafu ni yake, siyo ya fundi.

Hata kitandani hospitali uliuliza leo zamu ya nani. Shemeji Zubeda, mkeo, akakusihi upumzike. Ukauliza tena. Tulidhani ni homa inaongea.

Mwezi uliopita mashine ililia, Masele na wenzake wawili wakiwa ndani. Mmoja akavua glovu aifunike, akisema ni wale wale sisimizi. Masele akamshika mkono.

“Asubuhi nimeisafisha mwenyewe. Hamna sisimizi humo. Nyie, tokeni.”

Wakatoka, wengine wakinung'unika. Bomba lilikuwa limeachia kwenye maungio nyuma ya mitungi, gesi inamwagika na hakuna aliyeisikia.

Siku hiyo hiyo Masele alikuja nyumbani na nguo za kazi, akatusimulia akiwa amesimama mlangoni. Mama, ambaye tangu tukuzike hajamuuliza mtu swali lolote, hata bei ya sukari, akamwangalia.

“Mlitoka wote?”

“Wote, mama.”

Akamwambia aingie, akae, asiondoke bila kula. Akaenda jikoni, na tukamsikia huko analia, kwa sauti, kama watu wanavyolia. Hakuna aliyemfuata. Tulimsubiri sebuleni mpaka akamaliza. Wali uliungua. Masele akaula wote, na ukoko akaomba.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Kauthar, mkeo Zubeda, binti yako Raya, shangazi zako wa Majimoto, Masele na wenzako wa chumba cha mitungi, na mdogo wako Rahim, aliyeandika haya baada ya kukatazwa utani mara kadhaa.

Mwenyezi Mungu akurehemu, kaka. Kukukumbuka hatutaacha, daima.