Baba Ameiona Bahari, Sasa Neno ni Lako

Mama yangu,

Kamwene, na shikamoo. Kifua kimeachia, au baridi ya Njombe bado inakibana? Sisi huku Chanika tupo. Mimi nimechoka, sitakuficha: asubuhi hospitali na Baba, mchana gazetini, jioni foleni ya barabarani.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unasema "sawa mwanangu" kabla sijamaliza. Hili nataka ulisikie lote. Mdogo wangu Enea akusomee polepole.

Daktari amesema presha ya macho imeshakula pembeni kote. Baba anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Upasuaji hautarudisha kilichopotea, unalinda kilichobaki. Mara chache huharibu hata hicho. Baba alisikiliza, akasema, "Kwanza nionyesheni bahari. Halafu tutaongea habari za kisu."

Jumamosi tukavuka jiji zima hadi pwani ya Kinondoni. Ufukwe niliokuwa naujua umezungushiwa ukuta.

"Dada, leo kuna harusi," mlinzi akasema. "Hapa si pa kupita."

Nikamwambia ufukwe ni wa umma.

"Najua. Mie nalinda geti tu, bahari siilindi."

Nimeandika habari za kuta hizo mara nyingi. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Tukasogea hadi kwenye hifadhi ya mikoko, ile miti inayoota kwenye maji ya chumvi. Kuna njia ya miguu katikati yake. Nikamshika Baba mkono, tukatokea upande wa pili, na bahari haikuwepo. Tope tu, mchanga wenye mikunjo, na kaa wakikimbilia mashimoni.

Baba akatazama. "Ndiyo hii?"

Mwanamke aliyekuwa akiokota kome kwenye tope akacheka. "Mzee, maji yamekupwa. Bintiyo kakuleta saa mbaya. Nyie wa bara mnadhaniaga bahari inakaa pale pale kama ziwa."

"Huyu ameishi Dar miaka mingi," Baba akanitetea.

"Dar ya wapi?"

"Chanika."

"Aa. Huko shamba, mzee wangu."

Akatuambia maji yatarudi alasiri. Nilitaka tuondoke, jua lilikuwa kali na nilikuwa na habari ya kumaliza. Baba akakaa kwenye mzizi.

"Inarudi yenyewe? Basi nasubiri."

Ikarudi bila kishindo, ikijaza kwanza mashimo ya kaa. Baba akavua viatu, akakunja suruali, akaingia hadi magotini. Hakuweza kuiona yote kwa mara moja. Akageuza kichwa toka kushoto kwenda kulia, kipande kwa kipande, kama anayesoma mstari mrefu, kisha akaanza tena.

"Haina ng'ambo?"

"Ipo, Baba. Haionekani tu."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Nadhani hilo lilimridhisha. Alipokuwa akijifuta mchanga miguuni akasema, "Mimi wanikate. Lakini muulize mama yako. Nikiamka gizani, atakayenishika mkono kwenda shambani si wewe wala daktari. Ni yeye. Akikataa, narudi hivi hivi."

Mama, mimi nilitaka akubali tangu siku ya kwanza, na unajua. Kwa hiyo mimi usinihesabu. Wala usikubali kwa sababu yeye amekubali. Bila upasuaji giza litakuja, polepole, na daktari hana shaka juu ya hilo. Akifanyiwa, huenda lisije kabisa, au likaja kwa siku moja. Wewe ndiye utakayetembea nalo. Nafasi yake tumewekewa wiki ijayo.

Barua hii naipeleka stendi ya Mbezi Luis, kondakta atampa Enea mkononi. Msalimie shangazi Yunisi anayekukamulia ng'ombe, na mama mchungaji. Mwambie maombi yake tunayahitaji bado. Baba anakusalimu, anauliza kama mahindi yamepaliliwa.

Enea anitumie jibu kama ulivyolisema wewe, kwa maneno yako. Asilipambe.

Ni mimi mwanao,
Tumaini