Paa Ulilokataa Kulikata

Baba,

Shikamoo. Hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijazoea kuanza kuongea na wewe bila kukusalimia.

Jana tumemaliza arobaini yako. Kisomo kimesomwa, pilau imeliwa, majirani wa Chang'ombe wamejaa hadi uani, na gari lako tukalifunika turubai ili watu wasiliangalie wakati wa kula. Baba mdogo Hamisi alivaa kanzu mpya. Alilia kuliko mimi. Kisha akawaambia wazee waliokaa mkekani maneno yale yale aliyoyasema siku tulipokuzika: "Kaka kaponzwa na gari lake. Kalikata paa mwenyewe. Mie nikamwambia kaka acha, akakaa kimya tu, si mnamjua alivyokuwa."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Sikulidondosha.

Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe tu ndio tunaojua habari ya hayo magari tangu mwanzo, na wewe huwezi kusema.

Unakumbuka yalivyokuwa mawili? La Baba mdogo la wazi, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma, lile alilokuwa akilikodisha kwa maharusi. Na lako la paa la chuma, ulilolinunua limepondeka ubavu mzima ukalinyoosha kidogo kidogo kwa miaka minne, siku za Jumapili. Toleo moja, injini moja, hata rangi ukaichanganya mpaka zikafanana. Sisi tukayaita Turubai na Chuma, kama watoto wa familia moja.

Siku uliyoyapata yote mawili uani, ulinipeleka Madale tukayajaribu kwenye vilima. Ulivaa shati lako la kijani lililochomwa na cheche mfukoni. Tulianza na Turubai. Ukaniambia niweke kiganja juu ya dashibodi nisiongee. Tulipopita tuta, nikausikia mtetemo ukija kwenye kiganja baada ya tuta lenyewe kuisha, na kioo cha kuangalia nyuma kikawa kinatikisika kama kinakataa jambo. Kwenye kona mbele ilikata, nyuma ikafuata baadaye kidogo. Ukasema, "Unaona? Kama mtu aliyeitwa, anaitika lakini bado anatafuta viatu." Nilicheka mpaka nikaondoa kiganja, ukanigombeza.

Halafu tukarudi na Chuma, kona zile zile, mwendo ule ule. Mbele na nyuma viliingia pamoja. Tuta likapita likaisha. Usukani ulitulia mkononi mwako, ukawa unaushika kwa vidole viwili kwa maringo.

Lakini hukulisema vibaya Turubai. Ulikuwa mtu wa haki hata kwa magari. Ulisema lile lilizaliwa bila paa, kwa hiyo waliolitengeneza waliliwekea mifupa chini, chuma kinene chini ya milango na kingine kinachokatiza sakafuni, ndiyo maana ni zito kuliko lenzake ingawa linaonekana jepesi. Kwa mwendo wa harusi, nyuma ya gari la matarumbeta, bibi harusi anapunga mkono, hakuna atakayeona tofauti. Na kioo cha mbele nguzo zake ni nene, likipinduka zinasimama. Hatari, ulisema, ni kulichukua lililozaliwa na paa ukalikata. Hilo mifupa yake iko juu.

Tulipofika nyumbani ukachukua boksi la viatu vya Mama. Ukaliacha na kifuniko, ukanipa nilikunje. Halikukunjika. Ukaondoa kifuniko. Likajipinda mikononi mwangu kama kitambaa. "Basi," ukasema. "Hilo ndilo somo lote."

Boksi bado ninalo. Nilikuwa nimeweka misumari ndani yake.

Baba mdogo alipokuja kukuomba ulikate Chuma, awe na magari mawili ya wazi kwenye msafara mmoja, ulimwonyesha boksi hilo hilo. Akacheka. "Kaka, mie nakuletea habari za maharusi, wewe unaniletea viatu." Ukakataa. Nilikuwa nimesimama na spana nikaona raha, kwa sababu sikuwa nimewahi kukusikia ukimkatalia.

Wiki mbili baadaye akaliazima. Jumamosi moja tu, alisema. Ukampa ufunguo. Likarudi Jumatatu halina paa.

Sitasahau ulivyolizunguka. Hukupiga kelele. Ulipitisha kidole kwenye ukingo pale paa lilipokuwa, chuma kimeyeyuka na kuganda matone matone, kwa sababu huko alikolipeleka walikata kwa gesi. Wewe hukuwahi kukata bodi kwa gesi maisha yako yote. Ulizoea kutoboa pointi za kiwandani, zile nukta zilizochomelewa, moja moja kwa drili, ukizihesabu kwa mdomo, ili siku ya kurudisha kila kitu kijue mahali pake. Ukapiga jeki kona moja ya nyuma. Mlango wa dereva ukakwama, haukufunguka hata ulipouvuta kwa mikono miwili. Ukashusha jeki, ukafunguka. Ukanitazama. Nami nikakutazama. Hatukuhitaji boksi.

Na hapo ndipo ninapokukasirikia, Baba. Naomba uniwie radhi, lakini nakukasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye.

Baba mdogo alikuja jioni akasema limeshakatwa, kilichobaki ni kuliongezea nguvu, maharusi wameshapanga, "au unataka bibi harusi wa watu aumie, kaka?" Alijua pa kukushika. Ukachomelea mabomba mawili ya mraba chini ya sakafu. Kazi ilikula siku tatu. Siku ya nne ukasema unalipeleka Madale kulijaribu, na mimi nikavaa viatu, maana tulikuwa tunaenda pamoja siku zote. Ukaniambia, "Leo baki, mwanangu. Ule mlango wa kulia siupendi."

Mlango wa kulia ulikuwa upande wako.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua kiasi cha kuniacha mimi, hukujua kiasi cha kujiacha wewe. Watu wa Madale waliokutoa walisema mlango ulifunguka kwenye kona ya mteremko, nyuma ikakutoka, likapinduka mara moja tu mtaroni. Mara moja. Nguzo za kioo zikalala kama majani. Lingekuwa na paa lake ungerudi na kiwiko kilichochubuka, Mama angekukanda kwa maji ya moto huku akikusema.

Wiki iliyopita nimelipata hilo paa. Lilikuwa mtaa wa pili kutoka gereji waliyolikatia, mama mmoja amelisimamisha kukinga upepo kwenye jiko lake la chapati. Nilimpa bati jipya tukabadilishana. Akaniambia, "Chukua tu mwanangu, lenyewe lina kona za ajabu." Nilimwambia aliyezinyoosha kona hizo alikuwa baba yangu. Akanipa chapati nikaila njiani nyuma ya mkokoteni.

Jana, Baba mdogo alipomaliza maneno yake, niliweka sinia chini, nikalileta paa mbele ya wazee na kuliweka mkekani. Nikawaonyesha ukingo. Nikasema, wote mnaijua kazi ya baba yangu, hii ni kazi yake? Mzee Mbaraka, uliyemchomelea geti lake, alipitisha kidole kama ulivyopitisha wewe. Kisha akasema, "Tumeona, binti. Lakini marehemu harudi, na undugu tusiuvunje." Wengine wakaitikia. Wakamaliza kahawa. Nikalibeba paa langu.

Sasa wameona. Nimejifunza kwamba watu wanaweza kuona na bado wakaaga vizuri.

Walipotawanyika Baba mdogo akanifuata uani. Alilifunua gari, akasema kwa upole, "Zuhura mwanangu, kulirudisha barabarani ni nguzo mbili na kioo tu. Nina maharusi mwezi ujao. Mkono wako ndio mkono wa kaka, sitaki kumpa mtu mwingine." Nikasema hapana, Baba mdogo. Hakukasirika. Alinigonga begani akasema, "Hata baba yako alianza hivyo hivyo," akaondoka.

Maneno hayo yamenikaa kifuani tangu jana. Ni kweli, ulianza hivyo hivyo. Ulikuwa na hapana moja, ukaitumia mapema, alipokuja tena hukuwa nayo nyingine. Kila kitu ulinifundisha, kusikia chuma kwa kiganja, kunusa waya unaoungua, kunyoosha bodi bila kuipiga kwa hasira. Hilo moja hukunifundisha. Itabidi nijifunze mwenyewe.

Nimezungumza na Mama. Gari lilikuwa lako, sasa ni letu, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga yake. Asubuhi hii nimeanza kunyoosha nguzo. Nimesaga matone yote ya gesi, nimechora kwa chaki pale pointi zako zilipokuwa. Paa litarudi. Halitakuwa kama la kwanza, mimi na wewe tunajua chuma kilichokatwa hakisahau, kwa hiyo gari hilo hatalipanda mtu. Litakaa hapo uani limefungwa milango, na kila atakayeuliza nani alilikata nitamjibu kwa jina.

Akija kesho nitakataa. Akija na wazee nitakataa. Akija analia nitampa kahawa, nitamwitikia, kisha nitakataa.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze pema. Uliniambia nibaki.

Nimebaki.

Mwanao,
Zuhura