Usingoje Ukasha Aamke Mkavu

Sindeni, Handeni
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Hajira,

Assalaam alaykum. Shikamoo uliyonipa kwenye simu niliipokea, marahaba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuachia. Wanafunzi wako wanaendeleaje? Na Edna, mwalimu mwenzako mnayekaa chumba kimoja, hajambo?

Sisi huku tu wazima. Mama yetu goti linamsumbua anapoinuka kuswali, ila ulimi haumsumbui. Mvua ya vuli imenyesha Korogwe na kutuacha sisi. Mahindi tumeyapanda kwenye vumbi, tunatazama juu. Maji tunachota lamboni, na mwenye baiskeli na madumu ni mimi. Nimeyataja maji mapema kwa sababu habari yenyewe inahusu nguo za kufua.

Ningekupigia, lakini simu ikilia nyumbani humu inawekwa spika na kila mtu anatia neno lake. Kwa hiyo nimeamua kuandika, nipate kumaliza sentensi zangu.

Habari yenyewe ni mwanao Ukasha. Mchana hana tatizo. Akibanwa anakimbia mwenyewe hadi kwenye kopo lake, na akimaliza anatutangazia wote, hata kama tuna wageni. Usiku analowesha. Ni mtoto wa miaka mitatu, na mimi sikuona jambo la kuandikia barua. Wifi yako Maryamu alikuwa anafua, ananung'unika kidogo, anaanika, maisha yanaendelea.

Kisha ukapiga simu ukamwambia, sote tukisikia: "Ukiacha kukojoa kitandani, mama anakuja kukuchukua." Najua ulikuwa na sababu. Godoro ni moja, chumba ni cha watu wawili, na Edna hajazaa. Lakini wewe ulikata simu ukaenda kufundisha. Sisi tukabaki na hayo maneno.

Tangu siku hiyo kila mtu hapa amekuwa daktari. Mama akamkatia uji wa jioni. Maryamu akawa anamwamsha na kumbeba nje kama gunia, mtoto anasimama kwenye baridi amefumba macho, hatoi hata tone, akirudishwa ndani anamwaga yote. Jirani yetu Yuditha, yule fundi cherehani aliyehamia kutoka Lushoto, akawa anapita kila asubuhi kuutazama mkeka wetu uani. "Clinton wangu mkavu kama karanga," anasema. "Na wanalingana!" Nilimjibu kwamba hata miguu yao hailingani. Hakuacha.

Halafu Mama akaingiza utani wake. Unajua tangu Ukasha azaliwe anamwita "mume wangu", na mtoto anajibu "naam" kwa sauti nzito, tunacheka. Safari hii akasimama uani na shuka lililolowa, watu wa lamboni wanapita, akapaza sauti: "Mashahidi mpo? Mwanamume gani huyu anayeniogesha usingizini? Nataka talaka yangu leo leo! Naenda zangu Segera kuuza machungwa." Watu wakacheka. Mmoja akajibu atamwoa yeye, mradi aje na mkeka wake. Ni utani wa bibi na mjukuu, hakuna aliyekosea adabu. Ila Ukasha hakucheka. Alikuwa anamtazama bibi yake miguuni, kama mtu anayeangalia mwenzake amevaa viatu vya safari au la.

Baada ya hapo akakataa maji. Si usiku tu. Hata mchana, katika jua hili. Ukimpa kikombe anafunga mdomo. Midomo ikapasuka, tumbo likawa gumu, akawa analia chooni. Nikampeleka zahanati. Mganga akasema choo kikigandamana kinabana kibofu, kwa hiyo kumnyima maji kulikuwa kunazidisha. Akataka anywe vizuri mchana, na usiku aachwe alale. Akasema umri huu wengi bado hawajakauka, na wala si kiburi wala uvivu, mwili haujafika. Niliporudi nikayaeleza hayo yote. Walinisikiliza kwa adabu, kisha Yuditha akauliza kama tumejaribu kumfunga uzi kiunoni.

Sasa nakuja kwenye asubuhi ya Jumanne, ndiyo iliyonikalisha niandike.

Niliamka nikamkuta Ukasha amesimama mlangoni kwangu. Amevaa shati la kutokea na viatu vyake vya sikukuu ya Idi, cha kulia mguu wa kushoto. "Mjomba, mpigie mama. Nimeamka mkavu."

Nikaenda kuangalia. Mkeka umetandikwa shuka safi la maua, kavu kabisa. Pembeni ya pindo kulikuwa na kibanio cha nguo, bado kimeshika. Shuka lake mwenyewe lilikuwa nyuma ya debe la mahindi, limekunjwa, linachuruzika.

Kabla sijasema kitu Yuditha akaingia uani. "Semboja! Shuka langu la maua liko wapi? Nimelianika jana, kamba iko tupu!" Clinton alikuwa nyuma yake anakimbia, pampasi imejaa inaning'inia magotini. Mama akaitazama pampasi, akamtazama Yuditha. "Karanga hiyo imelowekwa?" Yuditha akachukua shuka lake akaondoka, na tangu hapo hapiti asubuhi.

Mimi sikucheka, ingawa baadaye nilicheka. Ukasha alikuwa bado ananitazama mkononi, anangoja simu. Nilimwambia mama yuko darasani. Akasema sawa, akaenda kukaa kizingitini. Alikaa hapo na viatu vyake hadi Maryamu alipoita watu kula. Hakulia. Tulipomvua viatu akauliza kama mama amekasirika.

Mama yetu alimpakata, akamwambia talaka ameifuta na Segera haendi. Akammiminia maji kwenye kikombe chake mwenyewe, na mtoto akanywa. Tangu siku hiyo mkeka hautajwi tena. Unalowa, unaanikwa, mimi nachota maji. Nimechoka kuchota, sikufichi, lakini nimechoka zaidi na watu wazima.

Hajira, mtoto anaamini ulimwacha kwa sababu anakojoa. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Amejumlisha mwenyewe maneno tuliyompa, na sioni alipokosea hesabu. Mimi nikimwambia sivyo hanisikii, maana ahadi hakuitoa mjomba. Wewe uliyeitoa ndiye wa kuifuta.

Kwa hiyo piga simu Ijumaa jioni. Mwambie unakuja Desemba shule zikifungwa, awe amelowa au hajalowa. Zungumza na Edna kabla, umweleze wazi. Nailoni nzito ya kufunika godoro nitainunua Korogwe, utaikuta hapa tayari. Na kama mwaka huu huwezi kumchukua, nieleze mimi bila kuzunguka, atabaki nasi na hatalala njaa. Lakini jambo hilo usilitundike kwenye kibofu chake. Ukimpigia usimwulize ameamkaje. Mwulize amekula nini.

Mama anakusalimu, anasema uvae sweta. Maryamu anakusalimu, pia anaomba sabuni ya mche, si utani. Kaka yetu Mbwana aliye Ngombezi anakusalimu. Nisalimie Edna, na umwombe radhi mapema kwa niaba ya godoro. Mungu akulinde na akupe safari nyepesi.

Viatu vya Idi nimeviweka juu ya kabati, asikofika. Ukitaja siku ya kuja, nitavishusha.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata nikikasirika,
Semboja