Gauni la Kumi na Nne

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimetoka machimboni Mwakitolyo, vumbi mpaka kwenye meno. Lakini nina raha! Mzee Magesa, mkuu wetu wa makumbusho, alishasema: vinu na mikuki vimetosha, Nelly, nenda kaangalie watu wa leo wanavaa nini na mafundi wa leo wanashona nini. Nimepata. Kina mama kumi na wanne wanaowapikia wachimbaji wa dhahabu wana kikundi chao, na sare ya kitenge cha zambarau chenye tausi wa njano. Fundi Boaz aliishona mwaka jana. Kitambaa kimoja, lakini kila mama na mshono wake! Gauni la Violeth ndilo lililoniua. Alikuwa ananyonyesha, basi Boaz akaficha zipu mbili chini ya marinda ya kifuani. Mtoto ananyonya kanisani na hakuna anayejua. Jamani, akili ile! Nimeliomba hilo.

Boaz haamini. Kaniuliza mara tatu kama ninachotaka ni gauni kweli, au ni cherehani yake ya urithi. Gauni, Boaz. Gauni!

Alhamisi, 4 Septemba

Violeth kalileta mwenyewe, mwanawe Eliya mgongoni. Limefuliwa, limepigwa pasi, linanukia sabuni ya unga. Mimi nilitaka ule moshi wa jikoni! Ningeanzaje kumwambia? Mtu hatoi nguo chafu. Kaweka sahihi kwenye hati ya kukabidhi, polepole, ulimi nje. Nikamweleza: likishaingia humu halivaliwi tena. Akacheka. Wao, anasema, kila sherehe kitenge kipya.

Nimeshonea namba ndani ya kola. Mzee Magesa kalizunguka kwenye sanamu la kuvalishia nguo mara nne, mikono nyuma, kama yuko mnadani anakagua ng'ombe. Nampenda mzee huyu akiwa hivyo.

Jumatatu, 15 Septemba

Simu ya Mama Mariana, mwenyekiti wa kikundi. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za ng'ombe — nikajua kuna jambo. Jumamosi anamwoza bintiye Mariana. Kina mama wamekaa kikao: mashimo hayajatoa kitu mwaka huu, kwa hiyo hakuna sare mpya. Watavaa ile ile ya zambarau. Wote. Violeth alikuwepo. Aliitikia ndiyo kama wenzake, basi.

Mimi nilihesabu: magauni kumi na manne, nikichukua moja yanabaki kumi na matatu, shida iko wapi? Mtoto wa kijijini Samuye mimi! Harusi hizi nimekulia humo. Asiye na sare hachezi na wenzake. Anajifanya yuko bize jikoni mpaka watu watawanyike. Nimejifunza makumbusho mpaka nimesahau kwetu. Mjinga kabisa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimezunguka maduka yote ya vitenge mjini. Hakuna. Nikampigia dada yangu Esta, anauza vitenge Geita. Ile ilishapita, anasema, nikiipata nimshtue na yeye. Boaz kabakiwa na vipande vya kutosha mkoba. Naye halali usingizi.

Nikamwendea Mzee Magesa kwa kuzunguka: kitu kikishaingia, hakiwezi kutoka hata siku moja? Akavua miwani. Kikitoka kimoja kuvaliwa, anasema, kesho kila mtu atakuja kuchukua cha kwake, na atakuwa na haki. Ni kweli. Ndiyo maana naudhika.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa stoo.

Ndoa inafungwa hapa mjini. Kosta ya kina mama ilisimama hapa makumbusho asubuhi. Wakashuka kumi na watatu, zambarau tupu, vigelegele! Wa mwisho Violeth, gauni la bluu. Mama Mariana akasema wanataka picha, maana wao ni kumi na wanne. Mzee Magesa akakubali, meno yote nje. Wakajipanga, sanamu katikati. Violeth, ingia! Aah, akasema, atapiga yeye, simu yake ina kamera nzuri. Akapiga. Anachekesha watu, anawapanga, wewe songa, wewe inua kidevu. Macho yamejaa machozi.

Sikuvumilia. Nikatangaza kwamba gauni linatakiwa kupumzishwa mbali na mwanga, uongo mtupu, nikalibeba na sanamu lake mpaka stoo na Violeth nimemshika mkono. Nikalivua, nikalitandaza mezani. Vaa. Utalirudisha jioni.

Akakataa! "Nilishatoa, dada Nelly. Nitoe kwa mkono huu, ninyang'anye kwa huu?" Nikamwambia atakayeulizwa ni mimi. Akatikisa kichwa. Akaniomba nimshikie Eliya, yeye aliage gauni lake tu. Nikatoka, nikarudishia mlango.

Dakika kumi sasa. Eliya anatafuna kitambulisho changu. Kosta inapiga honi. Mama Mariana kamwita Violeth mara mbili, sasa wanamwita wote kumi na watatu. Mzee Magesa anakuja koridoni, namjua kwa viatu. Sisogei hapa mlangoni.

Ndani nasikia kitambaa kinachakarika, kisha zipu.